Ushauri: Bendi yetu ya roki nzito inataka kwenda na albamu laini, mpiga dramu nifanyeje?

FimboMbili:
Wakuu, habari za muda huu. Niko kwenye bendi ya watu wanne, mwaka wa sita sasa tunapiga roki nzito. Albamu zetu mbili za mwanzo ni kelele tupu, na waliotupenda walitupendea kelele hizo hizo. Sasa mpiga gitaa kaja na nyimbo tisa mpya, tano kati yake za gitaa kavu, lile lisilotumia umeme. Mwimbaji kazisikia akatoa machozi, si utani. Wa besi yeye anasema popote twende.

Tatizo ni mimi. Juzi mazoezini nimekaa nyuma ya dramu karibu robo saa, fimbo mapajani, nasubiri wimbo uniite. Hauniiti. Nilipojilazimisha kuingia, wote wakageuka kunitazama kama nimeangusha sufuria usiku wa manane.

Naogopa mashabiki watatukimbia. Naogopa zaidi kugeuka pambo kwenye bendi niliyoianzisha mwenyewe. Nigome, au niache yaishe? Matusi pembeni tafadhali.

Mzee wa Santuri:
Mkuu, hayo yalishawakuta wakubwa. Mwaka 1970 Robert Plant na Jimmy Page, mwimbaji na mpiga gitaa wa Led Zeppelin, bendi ya roki nzito ya Uingereza, walijichimbia kwenye kijumba kisicho na umeme huko Wales, na mengi waliyoyatunga kule yakaishia kwenye upande wa pili wa albamu yao ya tatu. Wahakiki kibao walinuna. Mwaka uliofuata ikatoka ya nne, nayo ina gitaa kavu na mandolini, kile kigitaa kidogo cha nyuzi mbilimbili, ndani, na ndiyo iliyouza kuliko zote walizotoa.

Ila angalia ujanja wao: ile ya tatu inafunguka na wimbo mzito kabisa, upole unakuja baadaye. Pangeni nyimbo kwa akili.

Halafu wewe binafsi: John Bonham, mpiga dramu wao, mkono mzito kama nyundo, kwenye wimbo mmoja wa albamu ile alipiga vijiko. Vijiko, mkuu! Na kastaneti, vile vibao vya kugonganisha kiganjani.

Kiraka:
Mimi sikubaliani na kuchanganya. Toeni laini peke yake, mtu ajue anachonunua. Bendi ya Alice in Chains, nao watu wa roki nzito, mwaka 1994 walitoa rekodi fupi tulivu, nyimbo saba tu, ikaingia moja kwa moja namba moja kwenye chati ya albamu ya jarida la Billboard la Marekani, rekodi fupi ya kwanza kufanya hivyo. Bendi ya Opeth nao walirekodi albamu mbili kipindi kimoja, nzito ikatoka 2002 na laini 2003.

Mzee wa Santuri:
Kiraka, hizo albamu mbili utawalipia studio wewe?

BintiKoda:
Mimi narekodi bendi, ndiyo kazi yangu. Watu wa nyimbo nzito wakija na laini hudhani wamekuja kupumzika. Distoshoni, ile sauti ya gitaa la umeme iliyokwaruzwa makusudi, inaficha madhambi mengi. Ukiiondoa, vidole vikiteleza kwenye nyuzi vinalia kama panya, kiti kinatoa mlio, mwimbaji akimeza mate nasikia. Na anayeumbuka mapema kuliko wote ni mpiga dramu: akipunguza sauti, mwendo nao unalegea bila yeye kujua. Nishawahi kurudia wimbo mmoja kutwa nzima kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo FimboMbili, usigome wala usiachie. Chukua wimbo mmoja katika hiyo mitano, baki na snea, ile dramu ndogo ya kati, na brashi badala ya fimbo tu, mrekodi kwa simu mara mbili, ukiwemo na usipokuwemo. Usisikilize siku hiyo hiyo, utajionea huruma. Sikiliza kesho yake.

Kiraka:
Hapo BintiKoda kasema. Kuhusu mashabiki, pigeni mmoja jukwaani katikati ya shoo bila kutangaza chochote. Wakienda wote kununua vinywaji mtajua.

FimboMbili:
Mrejesho, wakuu. Tumerekodi yote mitano. Miwili brashi zimekaa vizuri mpaka mpiga gitaa kakiri. Wa tatu haunihitaji hata kidogo. Imeniuma, lakini nimesikia kwa masikio yangu. Wa nne nitaingia baada ya ubeti wa pili. Wimbo mzito ndio utafungua albamu, hilo limepita bila ugomvi.

Wa tano bado tunavutana. Nimebeba vijiko vinne nikavijaribu nao leo, na sasa mke wangu anauliza viko wapi.