Fundi kaniulia injini ya DT 125 kwa kuacha waya mmoja tu

Wakuu, heshima kwenu.

Nina hasira na sitaificha. Wiki iliyopita Yamaha DT 125 yangu imekwama pistoni katikati ya mlima Kitonga. Kila niliyemweleza ananiambia "pikipiki limezeeka hilo, uza". Uzee hauhusiki hapa. Ni waya.

Wanaozijua DT za zamani wanajua oili yake inaungua pamoja na petroli. Oili ina tangi lake, na kuna pampu ndogo inayoipeleka kwenye injini kulainisha pistoni. Waya wa mafuta ukitoka kwenye usukani unafika kwenye kigawanyio, hapo zinatoka nyaya mbili: mmoja unakwenda kwenye kabureta, wa pili kwenye pampu. Ukivuta mafuta, oili nayo inaongezeka. Yamaha wana mfumo huu tangu 1964, si jambo la siri.

Waya wangu ulianza kuchanika nyuzi pale juu, karibu na kichwa. Nikampelekea fundi, mtu mwenye jina mjini. Akafunga waya wa pikipiki nyingine, wa moja kwa moja mpaka kwenye kabureta. Ule wa pampu akaukata, akaukunja, akaufunga kwa mpira nyuma ya fremu. Hakuniambia neno. Nikalipa 15,000, nikamshukuru na kumshukuru!

Pampu ikabaki inatoa oili ya sailensa tu, kile kiasi cha pikipiki ikiwa imesimama inanguruma. Mjini huwezi kugundua. Nikatoka Ruaha Mbuyuni na gunia la vitunguu nyuma, nikaanza kupanda Kitonga mafuta yamevutwa mpaka mwisho. Kona ya tatu nikasikia injini inalegea, halafu ghafla tairi la nyuma likafunga. Nyuma yangu kuna lori. Niliminya klachi, tairi likaachia, nikajisogeza pembeni. Ile klachi ingekuwa nzito au waya wake umenasa, leo uzi huu ungeandikwa na mtu mwingine.

Na klachi haikunasa kwa sababu waya wake nautunza mwenyewe. Nautoa, nausimamisha, natia oili nyepesi ya cherehani kwa bomba la sindano upande wa juu mpaka naiona inadondoka chini ikiwa safi. Grisi naipaka kidogo kwenye kile kichwa kinachokaa ndani ya leva, kizunguke, maana kisipozunguka waya unakunjika palepale kila ukiminya, na ndipo unapokatikia. Mafundi wetu wanashindilia grisi ndani ya waya wenyewe! Haipiti, inakaa mdomoni inakusanya vumbi, baada ya mwezi mmoja umekuwa msasa. Halafu wanakuuzia waya mpya.

Niliporudi kwa fundi kanijibu, "Kaka, ule waya wa chini hauna kazi, wengi tunautoa." Wengi! Yaani kuna watu wanatembea na injini zilizohukumiwa na hawajui. Sasa silinda inataka kuchongwa, pistoni na ringi mpya, na yeye hataki hata kuchangia.

Hujui kazi ya waya, uliza. Huna spea yake, niambie huna, nitatafuta. Kukata na kukunja na kunyamaza ni wizi.

Mwenye DT, kabla hujawasha kesho, fungua kifuniko cha pampu ya oili. Mtu azungushe mkono wa mafuta, wewe tazama kipuli cha pampu, kile kigurudumu kinachovutwa na waya. Kisipozunguka, usiende popote.

Na mwenye waya kamili wa ncha tatu, hata uliotumika mradi nyuzi zote nzima, aweke picha na bei hapa. Niko Iringa, nitaufuata.