Mrejesho: Kushuka Mai Mahiu na B5

Wadau, niliuliza kama kushuka mteremko mkali wa barabara ya Mai Mahiu, Kenya, kwa B5 (kiwango cha juu kabisa cha mota kulizuia gari) kutaua giaboksi ya Outlander PHEV, gari la Mitsubishi la petroli na umeme wa kuchaji. Asanteni. Mliosema haina gia za kubadilisha mko sawa: B huongeza tu jinsi mota inavyolizuia gari huku ikichaji betri. Nimeshuka nyuma ya malori, B5 kwenye kona kali, B3 palipotulia, breki naigusa tu. Kule chini hakuna ile harufu ya breki kuungua, na chaji imepanda. Ila ukianza mteremko betri ikiwa imejaa, B inashika kidogo mno, maana umeme hauna pa kwenda. Siku hizi nikitokea Limuru siijazi hadi juu. Fundi wangu bado anashikilia kwamba B5 itaua giaboksi, shauri yake.