Mjadala: Mwenye gazeti akichaguliwa kushika madaraka, alazimishwe kuliuza?

MTOA HOJA

Ndugu wachangiaji, naomba tujadili swali moja tu: je, mmiliki wa gazeti anapochaguliwa kushika wadhifa wa umma, sheria imlazimishe kuliuza kabla ya kula kiapo? Jibu langu ni ndiyo. Kisa ninachokitumia kulitetea ni cha Warren G. Harding, kwa kuwa ni nadra kumpata mtu aliyepanda kutoka meza ya mhariri wa mji mdogo hadi urais wa Marekani huku gazeti likiwa bado mali yake.

Mwaka 1884, akiwa hajatimiza miaka 20, Harding na wenzake wawili walilinunua Marion Star, gazeti lililokuwa taabani, kwa dola 300 pamoja na madeni yake. Mji wa Marion, katika jimbo la Ohio, ulikuwa na wakazi wapatao 4,000 mwaka 1880. Kufikia mwaka 1900 walikaribia 12,000, na gazeti likakua pamoja nao. Wenzake walijitoa, yeye akabaki. Mwaka 1891 alimuoa Florence Kling, na miaka mitatu baadaye, Harding alipokwenda Battle Creek kutibiwa, mkewe ndiye aliyeshika usambazaji na kuwapanga watoto waliopeleka gazeti nyumba kwa nyumba. (Mmoja wa watoto waliolisambaza gazeti hilo, Norman Thomas, baadaye aligombea urais mara sita kwa tiketi ya chama cha Kisoshalisti, kwa hiyo kubeba gazeti la mtu si kubeba siasa zake.)

Ninalotaka tulitazame kwa makini ni namna gazeti hilo lilivyoendeshwa. Toleo la kila siku lilijitangaza kuwa halifungamani na chama chochote, ilhali toleo la wiki lilikuwa la Republican wa msimamo wa wastani. Kwa mpango huo Harding aliwavuta watangazaji wa kila upande, na gazeti la wiki la Republican lililokuwa likishindana naye likafa. Gazeti la mji mdogo haliishi kwa bei ya nakala peke yake. Linaishi kwa matangazo ya maduka, kwa kazi ndogondogo za uchapaji, na kwa matangazo rasmi ya ofisi za serikali. Hata kampuni za reli zilikuwa zikiwapa wahariri pasi za kusafiri bure, na ni kwa pasi iliyokuja pamoja na gazeti kwamba Harding, mwaka ule ule wa 1884, alikwenda Chicago kuuona mkutano mkuu wa Republican. Mtu anayekulia katika biashara ya namna hiyo huzoea kupokea hisani na kuilipa, tena bila kuhisi kwamba ameuza kitu.

Alichaguliwa kuwa seneta wa jimbo mwaka 1899, akawa naibu gavana, akaingia Seneti ya taifa mwaka 1915, na Machi 1921 akaapishwa kuwa rais. Gazeti aliliuza mwaka 1923, kwa dola 550,000, muda mfupi kabla ya kufariki San Francisco tarehe 2 Agosti. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka miwili yeyote aliyetaka kumpendeza rais wa nchi alijua mahali pa kuweka tangazo lake. Sidai kwamba watu walifanya hivyo. Ninachodai ni kwamba hapakuwa na kilichowazuia.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mtoa hoja, kisa chako nakikubali, lakini hitimisho lako silikubali. Kama gazeti lingekuwa ngazi ya uhakika ya kupandia madarakani, Harding asingeshindwa ugavana wa Ohio mwaka 1910, na alishindwa vibaya, kwa kura zipatazo 100,000. Isitoshe, mpinzani wake katika uchaguzi wa urais wa mwaka 1920 alikuwa James Cox, gavana wa Ohio na mmiliki wa Dayton Daily News, gazeti alilolinunua mwaka 1898. Wapiga kura wa Marekani walichagua kati ya wamiliki wawili wa magazeti kutoka jimbo moja, wakampa Harding asilimia 60 ya kura. Unaponiambia kwamba gazeti humnunulia mtu ushindi, basi na Cox naye alikuwa na lake, na kubwa kuliko la mwenzake.

Lakini kasoro kubwa zaidi ya pendekezo lako imo ndani ya mauzo yenyewe unayoyataka. Mwaka 1924 Frank Vanderlip, aliyewahi kuongoza benki kubwa ya New York, alisema hadharani kwamba bei ile ilitia shaka, kana kwamba fedha zile hazikuwa malipo ya gazeti peke yake. Hakuweza kuthibitisha, na wanunuzi, Brush na Moore, wakamfungulia mashtaka. Hebu fikiri: kwa kumlazimisha kiongozi auze, tena haraka, unafungua mlango wa kumpa bei ya kupindukia kwa njia halali kabisa. Tangazo la nusu ukurasa linaweza kumfurahisha mheshimiwa kwa juma moja. Bei ya gazeti zima inaweza kumfanya awe na deni la maisha.

MCHANGIAJI WA PILI

Mimi nauleta mjadala huu nyumbani kidogo. Tanzania, chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, gazeti haliwezi kutoka bila leseni, na mwenye kutoa leseni ni ofisa wa serikali. Katika mazingira hayo, sheria ya kumlazimisha mbunge kuuza gazeti itamwangukia nani kwanza? Haitamwangukia mwenye nguvu, kwa kuwa huyo anaweza kuliandika gazeti kwa jina la shemeji yake kabla ya jua kuzama. Itamwangukia mwanasiasa wa upinzani ambaye gazeti lake ndilo jukwaa pekee alilobakiwa nalo. Na tusisahau kwamba mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa na serikali ya kikoloni kwa makala aliyoiandika katika Sauti ya TANU akiwakosoa maofisa wa wilaya, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Siasa na gazeti vilishikana mikono tangu mwanzo wa madai ya uhuru, na hakuna aliyeona haya.

Kuhusu Harding mwenyewe, naona tunamtwika Marion Star mzigo usio wake. Kashfa ya Teapot Dome, ambayo Albert Fall, waziri wake wa mambo ya ndani, aliingia gerezani kwa ajili yake mwaka 1931, ilihusu visima vya mafuta vya jeshi la majini na fedha za matajiri wa mafuta. Hata kama Harding angekuwa fundi seremala, Fall angepokea tu.

MTOA HOJA

Nawashukuru wote wawili. Kwa Mchangiaji wa Pili nianze na Nyerere: Sauti ya TANU ilikuwa sauti ya chama kisicho na dola, na yeye hakuwa na zabuni ya kumgawia mtu. Swali langu linaanza pale mwenye gazeti anapopata mamlaka ya kugawa. Kuhusu Fall, ni kweli kwamba gazeti halikuchimba mafuta, lakini aliyemteua ni mtu ambaye kazi yake kwa karibu miaka 40 ilikuwa kuhakikisha hakuna mteja anayeondoka amenuna. Tabia hiyo humfaa mchapaji, ila kwa mtu anayeteua mawaziri mimi naiona ni hatari. Hapo tutatofautiana, na si tofauti ndogo.

Hoja ya Mchangiaji wa Kwanza juu ya bei ndiyo nzito kuliko zote zilizotolewa, na kwa ajili yake ninalipunguza pendekezo langu. Mmiliki abaki na gazeti lake, lakini kwa muda wote atakaokuwa madarakani gazeti hilo lisipokee tangazo wala kazi ya uchapaji kutoka ofisi yoyote ya umma, jina lake kama mmiliki lichapwe katika ukurasa wa kwanza wa kila toleo, na orodha ya watangazaji wake wakubwa iambatanishwe kila mwaka na tamko lake la mali. Akiamua kuuza kabla ya kipindi chake kwisha, mnunuzi na bei vitangazwe siku ile ile. Hila ya shemeji bado sijaipatia dawa, na nitafurahi kusikia kutoka kwa mwenye uzoefu wa sheria za makampuni namna ya kumfichua mmiliki aliyejificha nyuma ya jina la mtu mwingine.