Mashine ya RO kwenye katamarani ya wageni: ya betri au ya jenereta?

mkuku_wa_mvule

Wakuu, habari za kazi. Nani anazijua vizuri mashine za RO za kwenye boti, hizi za kugeuza maji ya bahari yanyweke? Boti ni katamarani ya mita 12, vichwa 8 pamoja na nahodha na mpishi. Njia ni Kilindoni, Chole, Songo Songo, Kilwa Masoko na kurudi, siku 6. Matangi ni lita 400, kwa hiyo siku ya tatu maji yanaanza kupimwa kwa kata. Umeme: sola wati 800, betri za lithiamu volti 24 Ah 400, jenereta kVA 4.

Nimepewa bei mbili. Moja ni ya volti 24, aina inayorejesha nguvu ya maji ya chumvi yanayotoka, lita 60 kwa saa. Ya pili ni ya pampu ya pistoni, mota ya kilowati 2.2, membreni (ule utando unaozuia chumvi) moja ya inchi 2.5 kwa 40, lita 100 kwa saa, na bei yake ni nusu. Nichukue ipi? Na boti ikilala Aprili na Mei, mashine inatunzwaje?

fundi_presha

Piga hesabu ya maji kwanza, bei baadaye. Vichwa 8 kwa lita 25 ni 200. Ongeza 80 za kusuuza vifaa vya kuzamia, unapata 280 kwa siku.

Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita. Hayapenyi membreni mpaka uyasukume kwa presha ya zaidi ya baa 27, na mashine nyingi zinafanyia kazi kwenye baa 55. Hata hapo, membreni moja inakupa asilimia 10 hadi 13 tu ya maji uliyoyasukuma. Yaliyobaki yanarudi baharini yakiwa na karibu presha yote uliyoilipia. Ili upate lita 100, pampu lazima isukume kama lita 770 kwa saa, ndiyo maana ya pistoni inakula wati-saa 17 hivi kwa kila lita. Ile nyingine inatumia presha ya maji yanayotoka kusukuma yanayoingia, inakula 4 hivi. Kwa lita 280 ni kWh 4.8 dhidi ya 1.1. Sola yako siku ya jua zuri inaleta kWh 3.5 au zaidi kidogo, na friji nalo linadai chake.

Halafu jenereta. Mota ya kilowati 2.2 inapoamka inavuta mara 5 au 6 ya mkondo wake wa kawaida. Ya kVA 4 itakohoa na kuzima usipofunga kifaa cha kuiamsha mota polepole.

Ubaya wa ya volti 24 ni kwamba lile bloku lake la kurejesha presha hulifungui mwenyewe, likiharibika linarudi kwa aliyelitengeneza. Pampu ya pistoni ni ndugu wa zile za kuoshea magari, fundi yeyote wa hizo anabadilisha sili na vali. Ila kichwa chake kiwe cha chuma cha pua au brozi yenye nikeli na alumini. Cha shaba ya njano kitaliwa na chumvi. Oili yake inabadilishwa baada ya saa 50 za kwanza, kisha kila saa 500. Ikigeuka rangi ya maziwa, maji yameshapita sili.

Kwa umeme ulionao, chukua ya volti 24. Saa 5 za mchana zinakupa lita 300 bila kelele.

maji_ya_bamvua

Naafiki, lakini huko unakopita, kuliko mota, ogopa matope ya Rufiji. Masika yakikutana na bamvua, maji ya mlango wa Mafia yanakuwa rangi ya chai ya maziwa, na kichujio cha mikroni 5 kinaweza kuziba siku hiyo hiyo. Tengeneza maji ukiwa nje ya mwamba upande wa mashariki, au maji yanapojaa, bahari safi inapoingia. Bandarini usiwashe kabisa. Mafuta ya dizeli yakishafika kwenye membreni hayaoshwi.

Jambo ambalo wengi hawalijui: karibu na delta maji huwa nusu matamu. Chumvi ikipungua, ule ukinzani alioutaja fundi unapungua pia, na ukiiacha presha kwenye baa 55 membreni inapitisha maji kuliko ilivyokusudiwa na inajichosha. Joto nalo ni vivyo hivyo. Lita za kwenye karatasi zimepimwa kwenye nyuzi 25; kila nyuzi inayozidi inaongeza asilimia 3 hivi, na kaskazi maji yetu yanafika 28 au 29. Kwa hiyo kama yako ina vali ya presha, fuata mita ya lita kwa saa. Ikivuka kiwango, punguza presha.

Ufungaji: ipe tundu lake yenyewe kwenye bodi, inchi 3/4, chini kabisa na mbele ya tundu la choo. Likiwa juu, mawimbi ya kusi yatainyonyesha hewa na sindano ya geji itacheza kama ina homa. Kutoka tunduni: koki, chujio la wavu, pampu ndogo ya kusaidia, mikroni 20, mikroni 5, geji, ndipo pampu kubwa. Bomba la maji matamu lisiwe na koki ya kufunga popote. Ukiisahau imefungwa, maji yanasukuma membreni kwa nyuma na gundi inaachia. Weka vali ya njia tatu: aidha nje, aidha tangini.

mkuku_wa_mvule

Shukrani sana. Swali la nyongeza: kusuuza natumia maji ya tangini, na pale Kilwa tangi linaweza kujazwa maji ya bomba. Kuna shida? Na kuna mtu kanishauri nikifunga msimu nioshe kwa asidi ya limau kisha niiache hivyo.

fundi_presha

Shida ipo, tena kubwa. Klorini inaichoma membreni na haiponi. Dalili yake ni maji kuongezeka na chumvi kuongezeka kwa pamoja, na wengi hufurahia wingi wa maji kabla hawajaonja. Njia ya kusuuzia ipite kwenye kichujio cha kaboni, ubadilishe kila miezi 6 hata kama hukukitumia sana. Ukiwa na wasiwasi, chovya karatasi ya kupimia klorini ya bwawa la kuogelea kwenye maji yaliyotoka kwenye kaboni.

Suuza kila unapozima, lita 15 hadi 20, vali ya presha ikiwa imefunguliwa yote. Isipotumika, rudia kila siku 5 hadi 7. Maji ya bahari yakilala siku mbili kwenye vichujio, vijidudu vinakufa na utasikia harufu ya yai viza.

Kwa miezi miwili inataka dawa. Mashine ya pistoni: metabisulfiti ya sodiamu ya daraja la chakula, isiyotiwa kobalti, gramu 200 kwenye ndoo ya lita 20 ya maji yasiyo na klorini. Zungusha dakika 10 bila presha, funga koki, andika tarehe. Changanya kwenye upepo, moshi wake unabana kifua, na usiichanganye kamwe na asidi. Kwa ya volti 24, soma kitabu chake kwanza: baadhi ya watengenezaji wanakataza dawa hiyo kwa sababu inaharibu bloku, wanataka dawa yao au propilini glaikoli ya chakula. Ya kwenye rejeta ya gari ni sumu.

ngama_kavu

Kuhusu asidi: haioshwi kwa ratiba. Osha lita zikishuka asilimia 10 hadi 15 kwa joto na presha ile ile, na uanze na sabuni ya alikali, kisha asidi. Ukitanguliza asidi, ule utelezi wa vijidudu unaganda.

Chumvi ikipanda ghafla bila lita kushuka, usikimbilie kununua membreni. Fungua kifuniko utazame oringi (pete za mpira) ndogo za bomba la katikati. Mkwaruzo kama unywele unatosha. Paka glisirini, mafuta ya mgando yanaiharibu membreni. Unaporudisha, ile sili kubwa ya ukingoni ikae upande maji yanakoingia, mdomo wake ukiyatazama. Ikigeuzwa, maji yanapita pembeni.

Juni ukiifungua, mwaga maji ya saa nzima ya kwanza. Mpishi asiguse mpaka kipimo cha chumvi kisome chini ya ppm 500 (miligramu kwa lita).