Bei ya nyanya kaskazi hii: tumlaumu dalali au jua?

Mama genge, Ngamiani
Wana Tanga, naomba tujadili. Kila kaskazi ikiingia, Desemba mpaka Machi, fungu la nyanya tano linakuwa la tatu na bei haishuki. Gengeni kila mtu ana jibu moja: madalali. Mimi nauza mboga mwaka wa saba sasa, na nasema sehemu kubwa ya bei hiyo imeliwa na joto.

Juzi nilifungua tenga nililonunua Mgandini alfajiri. Za juu zinang'aa. Kufika katikati, vidole vikazama kwenye maji. Za chini zimepasuka, zina fukuto kama chungu kilichofunikwa. Nikatoa ndoo nzima ya masalo, zile zilizopondeka. Hasara ya ndoo ile nitaifidia wapi, kama si kwenye zile nzima?

Tenga lile lilipakiwa Lushoto mchana, likashuka kilomita 33 hadi Mombo, likaja Korogwe, Segera, Muheza, muda wote chini ya turubai. Nyanya ikishachumwa bado inapumua, na joto likipanda nyuzi 10 inapumua kwa kasi ya mara mbili hivi, ndiyo maana inalainika upesi. Mashamba ya tambarare nayo, mchana ukipita nyuzi 32 na usiku usipopoa, maua yanapukutika, mzigo unapungua. Hata rangi inagoma: kwenye joto kali nyanya inaishia kuwa ya chungwa, mteja anasema zimeivishwa kwa dawa.

Hoja yangu: magari yashuke usiku, na ushuru tunaolipa ujenge kivuli kabla ya kitu kingine chochote.

Mkulima, Lushoto
Dada, shikamoo ya kazi, lakini dalali usimsafishe. Anakuja shambani anataka tenga lifurike, ajazie juu kwa majani na kamba. Lumbesa, huko kujaza kupita kipimo, imekatazwa kisheria, ila ukikataa anakwenda kwa jirani. Hizo za chini zilipondwa huku huku kwenye baridi, jua la Tanga limekuta kidonda tayari. Tuuze kwa kilo.

Mnunuzi, Chumbageni
Mbona hamjengi vile vibanda vya kuhifadhia mboga, vyenye kuta za mkaa uliolowanishwa maji? Bara vinapoza mboga vizuri.

Mama genge, Ngamiani
Kaka wa Chumbageni, kibanda kile kinapoza pale maji yanapokauka haraka. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, maji hayakauki, ubaridi unakuwa kidogo sana.

Kaka mkulima, kwenye lumbesa nakubali, na kilo naiunga mkono kwa mikono miwili. Ila nieleze mchicha. Mchicha ninaouza hauna dalali wala tenga. Jirani yangu anaukata saa kumi na moja alfajiri, ananiletea kwa baiskeli, umande ungalipo. Saa nne umeshanyauka, nanyunyizia maji mpaka nachoka. Saa sita natoa mafungu matatu kwa bei ya moja, yanayobaki nampa mwenye kuku.

Mwenzangu anapanga chini ya mwembe, hatua kumi kutoka kwangu. Mchicha ule ule, wa bustani ile ile, anauuza hadi alasiri kwa bei ya asubuhi.