Mbayuwayu wa Chimala na wale wa Omani: ni walewale?

Mpunga_Chimala

Habari za leo wakuu. Swali langu linaweza kuonekana la mtu asiye na kazi, lakini linanikera tangu mwezi wa pili.

Nalima mpunga hapa Chimala, na nina kibanda cha pembejeo kwenye barabara kuu ya Mbeya. Mbele ya kibanda zinapita waya za umeme, na kila mwaka kuanzia mwezi wa kumi mbayuwayu wanapanga mstari pale asubuhi wakisubiri jua. Sisi watu wa wilaya hii ya Mbarali ndege tunayemjua ni kweleakwelea, na tunamjua kwa hasira. Nimekua nikiamia mpunga wa baba kwa debe na kombeo mpaka sauti inakauka. Hawa mbayuwayu hawagusi punje, kwa hiyo miaka yote sikuwa na habari nao.

Sasa shemeji yangu, mke wa kaka, yuko kazini Omani, karibu na Nizwa. Tarehe 14 Februari akanitumia sauti: "Shem, ndege wenu wa Chimala wamefika huku!" Na picha: falaji, yaani mfereji wao wa asili wa kumwagilia, mitende, nyuma yake mlima mkavu usio na hata jani, na ndege wanachota maji bila kutua. Anasema kibaridi chao ndiyo kinaisha na kila siku anaona ndege ambaye jana hakuwepo.

Asubuhi hiyohiyo wa kwangu walikuwa kwenye waya. Nikawahesabu, 63. Je, ni walewale? Kama ndiyo, hawa wanangoja nini? Na kwa nini mtu aondoke sasa, mvua bado ipo na wadudu wamejaa mashambani?

Kona_ya_57

Mkuu, mimi niko juu ya kichwa chako, ukimaliza zile kona 57 za barabara ya kupanda mlima unanikuta Matamba. Kuwa makini, mbayuwayu si mmoja. Huku Kitulo tuna wa kwetu, mwili mzima buluu iliyoiva hadi inakuwa nyeusi, mkia nyuzi mbili ndefu. Huyo haendi Omani wala Ulaya. Anakuja kuzaa kwenye nyasi za huku kuanzia mwezi wa tisa, ikifika wa nne anarudi upande wa Uganda na ziwa Viktoria. Kiota anajenga ndani ya shimo ardhini, hata la muhanga. Mara ya kwanza nilidhani nyoka, nikarudi nyuma nusu nianguke. Kumbe mama wa watu anatoka kutafuta chakula.

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, tangu 2005 ilipotangazwa, ana afadhali. Nje ya pale tumepanda misonobari na viazi mpaka mlangoni kwake, na mimi ni mmojawapo wa waliopanda, sijitoi. Kwenye msonobari huyu ndege haishi.

Bajaji_Mafinga

Swali la kizushi: mnajuaje kama wametoka huku? Wana kitambulisho cha NIDA? 😂

Mwl_Mstaafu_Iringa

Kijana wa bajaji umecheka, lakini wanacho. Ulaya wamekuwa wakiwavisha pete nyepesi za alumini mguuni zenye namba kwa zaidi ya miaka mia. Na kabla ya pete kulikuwa na mkuki. Mwaka 1822 huko Ujerumani, karibu na kijiji cha Klütz, alipigwa korongo mweupe akiwa na mkuki wa Afrika umepita shingoni. Aliruka nao mpaka kwao. Wamemkausha, na yuko Chuo Kikuu cha Rostock hadi leo. Hadi wakati ule kuna wasomi wa Ulaya walioamini mbayuwayu hulala kwenye tope wakati wa baridi.

Sasa nije kwako wa Chimala. Wa kwenye waya zako ni mbayuwayu wa Ulaya na Asia. Huku wanakuja kula, na pia kubadilisha manyoya. Manyoya ya mabawa na mkia yanadondoka machache machache, mapya yanaota, kazi ya miezi. Wengi hawaanzi safari kabla ya kumaliza. Mwaka huu ukipata nafasi tazama mikia yao.

Kuhusu mvua: hawaondoki kwa sababu ya njaa. Wana saa ndani ya mwili inayowaambia kwao majira ya kuzaa yanakaribia. Wakichelewa watakuta sehemu nzuri za viota zimechukuliwa, ndiyo maana madume hutangulia. Hesabu yenyewe: Chimala hadi Nizwa ni kilomita elfu nne na ushee. Kilomita 300 kwa siku si ajabu kwao, kwa hiyo ni wiki mbili au zaidi. Ndege wa gramu 20, robo kilo ya sukari ni mbayuwayu kumi na wawili! Ndege wengine wadogo hujaza mafuta mwilini kwanza ndipo wavuke jangwa usiku. Mbayuwayu naye huweka mafuta, ila anakula pia njiani, hukohuko hewani, ndiyo maana falaji ya shemeji yako imekuwa kama mgahawa wa stendi.

Kwa hiyo wa tarehe 14 Februari si wa kwako. Ni waliokaa jirani zaidi, au waliomaliza baridi hukohuko Arabuni. Mwambie pia atazame koo. Kule milimani kuna mwingine mwenyeji, rangi ya vumbi, hana nyuzi mkiani wala koo jekundu.

Mpunga_Chimala

Shikamoo mwalimu, na asante sana. Wewe wa Matamba, nikipanda kupeleka mbegu nitakutafuta unionyeshe hilo shimo.

Nimerudi na majibu. Shemeji amekuza ile picha. Wawili koo lao ni rangi ya kutu, chini yake kama kidani cheusi. Wa tatu ni vumbi tupu, mwenyeji wa milimani. Amekasirika kidogo, alishawatangazia wenzake wote kwamba ni ndege wa Chimala.

Mikia nayo nimeitazama. Nilipanda juu ya gunia za mbolea, mtu akapita akauliza nataka kuiba umeme. Mwezi wa kumi na mbili nilipiga picha kwa simu, nimelinganisha: wakati ule wengi mikia ilikuwa butu, mmoja ana uzi upande mmoja tu. Sasa karibu wote wana nyuzi mbili, mabawa yanang'aa kama yamepakwa mafuta.

Machi 22 walikuwa 58. Jana 31. Leo nimefungua saa kumi na mbili na nusu, umande bado kwenye waya, wamekaa tisa na mmoja wao bado ana uzi mfupi. Nimemtumia shemeji ujumbe kwamba kuanzia wiki ya pili ya mwezi wa nne akae karibu na falaji.

Bajaji_Mafinga

Huyo wa uzi mfupi tupe taarifa zake mkuu.