Pedeli ya kushoto ya baiskeli imegoma kufunguka, na mkono wake, kile chuma kinachoishika, unacheza. Nifanyeje?

Mama Maziwa, Igawilo

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi nauza maziwa. Kila alfajiri natoka Igawilo hadi Uyole na madumu mawili ya lita 20 kwenye karia. Baiskeli ni ile nyeusi ya bomba, kaiacha marehemu baba, mzigo kwake si neno. Sasa raba za pedeli ya kushoto zimeisha, kimebaki chuma kitupu. Juzi kwenye utelezi mguu ukachomoka, dumu zima likamwagika, mbwa wa watu wakafurahi.

Jumamosi nikanunua pedeli mpya Mwanjelwa. Fundi wa jirani yuko msibani Kyela, na yule mwingine mwezi jana alinirudishia baiskeli ikiwa na gololi pungufu, simpelekei tena. Nikasema nafunga mwenyewe. Nina spana malaya, nyundo, plaisi na bisibisi iliyopinda.

Ya kulia imetoka vizuri. Ya kushoto nimeifungua kama nati yoyote, nikaning'inia kwenye spana kwa mwili wote, na mimi si mwepesi. Spana ikateleza, kidole kikachunika. Pedeli haijasogea hata kidogo. Halafu mkono wenyewe wa pedeli unacheza, kila mzunguko unalia ko!

Kijana wa Mafinga

Mama, chomelea tu huo mkono. Hautalia tena.

Mzee Spoki, Makambako

Binti, usimsikilize huyo. Ukichomelea, siku gololi za katikati zikiisha itabidi utafute msumeno. Nimetengeneza baiskeli chini ya mkaratusi miaka 22, za namna hiyo nimezikata nyingi.

Wewe hukuwa unafungua, ulikuwa unakaza. Pedeli ya kushoto nyuzi zake ni za kinyume. Zingekuwa za kawaida, kule kukanyaga kwako kungeilegeza kidogo kidogo mpaka idondoke njiani. Usihangaike kukariri. Simama upande wa pedeli yenyewe, mkia wa spana uangalie juu, usukume kuelekea tairi la nyuma: inafunguka, iwe kulia au kushoto. Kuelekea tairi la mbele inakaza.

Leo jioni dondoshea mafuta ya taa pale inapoingia, iache ilale. Asubuhi mwagia maji ya moto, kisha gonga mkia wa spana kwa nyundo, vipigo vifupi. Kuning'inia kunakuumiza bure. Ile mpya itazame kwenye chuma chake: L ni ya kushoto, R ya kulia. Paka grisi, anza kwa vidole. Vidole vikikataa, toa uanze upya. Ukilazimisha na spana unakula nyuzi, na hapo ni kununua mkono mzima.

Huo mlio ni kota pini, ile pini inayobana mkono kwenye ekseli. Legeza nati yake mpaka iwe sawa na ncha ya pini, usiitoe, ndiyo inayolinda nyuzi. Chini ya mkono simamisha kipande cha paipu nene kinachofika sakafuni, pini ipate tundu la kutokea. Bila paipu kila kipigo kinaishia kwenye gololi. Sasa piga, kipigo kimoja cha mtu aliyeamua. Ukirudishia pini mpya, ubapa wake ulalie ubapa wa ekseli, uigongee ndani kwanza, nati baadaye. Ukiivuta kwa nati nyuzi zitakatika. Ukishaendesha kidogo, kaza tena.

Dada wa Tukuyu

Nyongeza tu: spana malaya inakula kona. Azima spana namba 15, iwe nyembamba, nene haipiti kati ya pedeli na mkono.

Mama Maziwa, Igawilo

Mzee wangu, ndaga fijo, asante sana. Spana nimeazima kwa dereva wa bodaboda, maji nimechemshia sufuria ya maziwa (mume wangu asijue). Kipigo cha nne, krak! Nikadhani nimevunja, kumbe imeachia. Nikakaa chini nikacheka peke yangu.

Pini ndiyo iliyonitesa. Nimebadilisha zote mbili, nikaziingiza zikiangalia upande mmoja, basi pedeli moja iko chini kabisa na nyingine haijafika juu, unaendesha kama unachechemea. Nikazitoa, ya kushoto nikaigeuza, pedeli zikakaa mstari mmoja.

Leo nimefika Uyole na dumu zote mbili. Nimeshuka pale sokoni nikakaza nati mbele ya watu, wawili wameniuliza kama natengeneza na za wengine. Ile ko! imekwisha. Sasa nasikia kitu kingine kinalia kwii, nadhani ni karia.

Mzee Spoki, Makambako

Siyo karia. Inua tairi la nyuma, lizungushe kwa mkono, uniambie linalia wapi.